Madeni sita, mshahara mmoja: tunajibu barua zenu

Barua za toleo hili zinatoka Kilosa, Temeke, Mwanza na Tanga. Tumeifupisha kila moja na kuondoa majina. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu mpango wa mwalimu wa Kilosa, kwa kubadilisha tarakimu tu, unaweza kumfaa yeyote mwenye madeni mengi madogo na kipato kimoja kinachojulikana.

Swali: Kadi yangu ya benki iko kwa mkopeshaji. Nianzie wapi?

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mke na watoto watatu. Benki nadaiwa 6,400,000, wanakata 215,000 juu kwa juu, na baada ya makato yote nabaki na 520,000. SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, nadaiwa 900,000, narejesha 90,000 kwa mwezi kwa riba ya asilimia 1.5 kwenye salio. Akiba yangu pale ni 480,000. Mwaka jana nilichukua laki tano kwa mtu wa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Kadi yangu anayo yeye. Mshahara ukiingia anatoa laki moja yake ya riba, kilichobaki ananirushia. Miezi tisa sasa, na laki tano bado iko palepale. Kwenye simu nadaiwa kama 60,000, dukani 140,000, na shemeji yangu ananidai 300,000. Mke wangu anapika maandazi, anapata faida ya kama 80,000 kwa mwezi. Kila mwezi naapa sikopi tena, ikifika tarehe kumi naenda dukani na daftari.

Jibu: Mwalimu, kwa kutaja kila deni na kiasi chake umeshafanya kazi ambayo wengi huikwepa miaka. Sasa tuweke matumizi yako pembeni ya madeni hayo. Ukurasa wa pili wa barua yako unaonyesha chakula 210,000, kodi ya nyumba 50,000, umeme na maji 25,000, nauli 40,000, mahitaji ya shule ya watoto 45,000, mkaa na gesi 30,000, vocha 15,000, michango ya harusi na misiba 30,000, na mengineyo 20,000. Jumla ni 465,000. Kipato cha nyumba, mshahara pamoja na maandazi, ni 600,000. Zinabaki 135,000. Lakini SACCOS inataka 90,000 na kausha damu 100,000, yaani 190,000. Kila mwezi unapungukiwa 55,000, na hiyo ndiyo inayokupeleka dukani na daftari tarehe kumi. Usijilaumu kwamba huna msimamo. Kiapo chochote kitavunjika mbele ya pengo la 55,000 linalorudi kila mwezi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuziba pengo, na pengo lina chanzo kimoja kikubwa: ile laki moja ya riba. Umeshamlipa mkopeshaji huyo 900,000 kwa mkopo wa 500,000, na hujapunguza hata shilingi ya deni lenyewe. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi haiko ndani ya utaratibu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, ambao wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mwombe akuonyeshe leseni na nakala ya mkataba. Akiwa hana leseni, bado ulipokea fedha yake na unapaswa kuirudisha. Ila una nguvu ya kukaa naye mezani na kumwambia kwamba laki tano ya sasa ni malipo ya mwisho, la sivyo shauri litakwenda kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Laki tano itoke wapi? Kwa kawaida tunapinga kukopa ili kulipa deni. Hapa tunaruhusu, kwa masharti matatu: riba ya mkopo mpya iwe ndogo waziwazi, kiasi kisizidi deni linalolipwa, na deni la zamani lifungwe siku ileile. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Mara tatu ya 480,000 ni 1,440,000. Omba wakuunganishie salio lako la 900,000 na nyongeza ya 500,000 liwe deni moja la 1,400,000, kwa miezi 18. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwenye salio linalopungua, rejesho linakuwa kama 89,300 kwa mwezi, karibu sawa na unalotoa leo. Gharama yake ni hii: deni la SACCOS ambalo lingeisha baada ya miezi 11 sasa litachukua 18, na riba yote itakuwa kama 208,000. Kwa miezi hiyohiyo 18, kausha damu angechukua 1,800,000 na bado angekudai laki tano.

Barua ya maombi iwe fupi. Andika: "Mimi mwanachama namba fulani, nina salio la mkopo 900,000 ambalo sijawahi kuchelewesha. Naomba nyongeza ya 500,000 kwa ajili ya kulipa deni la nje lenye riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na marejesho yapangwe upya kwa miezi 18. Naambatanisha hati za mshahara za miezi mitatu na majina ya wadhamini wawili." Usiandike kwamba ni kwa ajili ya ada au ujenzi. Kamati ya mikopo ikijua sababu ya kweli inaweza hata kukubali kumlipa mkopeshaji moja kwa moja, na hilo ni bora zaidi, kwa sababu fedha ikipita mikononi mwako siku yenye msiba au mtoto mgonjwa, nusu yake itakatika njiani.

Siku ya kulipa nenda na shahidi asiye ndugu yako. Lipa kwa benki au kwa simu ili muamala ubaki kwenye kumbukumbu. Kabla ya kutuma fedha hakikisha vitu vinne viko mezani: kadi yako, mkataba wa awali, karatasi yoyote uliyosaini ikiwa tupu, na barua yenye sahihi yake kwamba hakudai tena. Karatasi tupu na mikataba ya kuuziana ndiyo hatari inayosahaulika. Kuna wakopeshaji wanaokusainisha kwamba umewauzia pikipiki au kiwanja, na karatasi hiyo ikibaki kwao deni linaweza kufufuka mwaka mwingine. Ukitoka hapo nenda kwenye mashine ya benki ubadilishe namba ya siri. Akikataa kurudisha kadi, nenda tawini na kitambulisho cha taifa, omba kadi ifungwe na upewe nyingine. Kumpa mtu kadi na namba ya siri ni kinyume cha masharti ya akaunti yako, kwa hiyo benki haitamtetea, lakini pia haitakurudishia kilichotolewa. Ndiyo maana kadi isikae kwake hata mwezi mmoja zaidi ya lazima.

Tuliseme na hili, kwa sababu walimu na wauguzi wengi wameshikwa hapo. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi wa umma abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Anayekushikia kadi anaruka kinga hiyo yote, kwa kuwa hakati kwenye orodha ya mishahara. Anachota ile theluthi yenyewe uliyoachiwa ule.

Sasa mpango wa kila mwezi. Punguza michango kutoka 30,000 hadi 15,000 na vocha kutoka 15,000 hadi 10,000. Tumegusa hivyo viwili tu kwa makusudi. Mtu mwenye hasira na madeni yake hukata chakula na nauli ya watoto kwa nusu, anavumilia wiki tatu, kisha anakopa. Matumizi yakiwa 445,000 na SACCOS 90,000, zinabaki 65,000.

Mwezi wa kwanza, 60,000 iende kwenye simu na 5,000 dukani. Simu inatangulia kwa sababu huduma nyingi za kukamilishiwa muamala hutoza ada kila siku, na pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza. Ukishalipa, piga huduma kwa wateja uombe kuondolewa kwenye huduma hiyo, la sivyo itakuwa pale pale siku utakayopungukiwa elfu tatu.

Mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, 35,000 dukani na 30,000 akiba. Tunajua utashangaa kuweka akiba ukiwa bado unadaiwa. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika: mtu anapeleka kila shilingi kwenye madeni, mtoto anaumwa tarehe 17, hana hata 20,000, anarudi kwa yuleyule aliyemkimbia. Akiba hiyo isikae kwenye simu unayotumia kila siku. Iwe kwenye akaunti ya pili isiyo na kadi, au kwenye akiba ya SACCOS inayoweza kutolewa. Mwezi wa tano unamaliza 30,000 ya duka na 35,000 inaingia akiba, ambayo sasa ni 125,000.

Mwezi wa sita hadi wa kumi na moja, shemeji 50,000 na akiba 15,000. Shemeji amekuwa wa mwisho kwa sababu hatozi riba. Lakini mwambie leo, kwa mdomo wako, kwamba malipo yake yataanza mwezi wa sita na yatakuwa 50,000 kwa miezi sita. Ndugu huchoshwa na kukwepwa kuliko kusubiri. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili, 65,000 yote iongezwe kwenye rejesho la SACCOS. Ukilipa 155,000 kwa mwezi, salio la kama 590,000 lililobaki linaisha mwezi wa kumi na tano badala ya wa kumi na nane. Uliza mapema kama SACCOS yako inatoza chochote kwa kulipa kabla ya muda, na dai kwamba nyongeza ipunguze deni la msingi, isihesabiwe kama rejesho la mwezi ujao.

Benki iache ijikate yenyewe. Utapigiwa simu ukiambiwa unastahili kuongezewa mkopo juu ya uliopo. Ukikubali, salio la zamani linaingia ndani ya mkopo mpya, miaka inaanza kuhesabiwa upya, ada ya mkopo na bima vinakatwa tena, na fedha unayoipata mkononi ni ndogo kuliko deni ulilojiongezea. Kwa miezi hiyo 15 jibu liwe hapana, hata kama ni Januari na sare za shule hazijanunuliwa. Kwa Januari anza Agosti: zile 15,000 za akiba ya kila mwezi, pamoja na sehemu ndogo ya faida ya maandazi ya Desemba, ndizo za sare.

SACCOS wakikataa je? Basi lipunguze deni lenyewe kwa vipande. Kila 100,000 ya deni la msingi unayoitoa kwa kausha damu inakuokolea 20,000 kwa mwezi. Hakuna akiba wala biashara ndogo inayoleta faida ya namna hiyo kwa uhakika. Ukiuza kitu cha 200,000 ukampa, riba ishuke kutoka 100,000 hadi 60,000. Makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa kabla ya kutoa fedha, maana asipoandika ataiita "riba ya nyuma".

Swali: Vikundi vitatu, mtaji unakwisha

Shikamooni. Nauza mboga na matunda Temeke. Niko kwenye vikundi vitatu vya mikopo. Cha Jumatatu narejesha 50,000 kwa wiki, zimebaki wiki 6. Cha Jumatano 35,000, wiki 14. Cha Ijumaa 28,000, wiki 9. Nikikwama cha Jumatatu nachukua fedha ya mtaji, naziba. Mtaji ulikuwa 900,000, sasa haufiki laki nne. Afisa mikopo ananishauri nikimaliza cha Jumatatu nichukue mzunguko mkubwa zaidi ili nilipe hivi viwili. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba mama. Si sawa, na tutakuonyesha kwa hesabu za barua yako mwenyewe.

Umeandika kwamba faida yako ni kama 22,000 kwa siku na nyumbani inatumika 12,000. Zinabaki 10,000, siku sita za kazi ni 60,000 kwa wiki. Marejesho yako ni 113,000 kwa wiki. Upungufu ni 53,000, na unatoka kwenye mtaji. Wiki kumi za namna hiyo ni 530,000, ndiyo iliyopotea. Biashara yako haina kosa. Inaleta faida nzuri kwa mtaji wa ukubwa huo, ila imebebeshwa marejesho karibu mara mbili ya uwezo wake.

Mikopo ya wiki ina jambo moja ambalo maafisa hawalielezi. Mkopo wako wa Jumatatu ulikuwa milioni moja, unarejesha 50,000 kwa wiki 24, jumla 1,200,000. Unaambiwa riba ni asilimia 20 kwa miezi sita, na inasikika kama asilimia tatu na kidogo kwa mwezi. Lakini ile milioni hukai nayo miezi sita. Kufika wiki ya 12 umesharudisha 600,000, na riba bado inahesabiwa kama unayo yote. Ukipiga hesabu kwa salio unaloshika kweli kila wiki, gharama ni karibu asilimia 1.5 kwa wiki, yaani zaidi ya asilimia 6 kwa mwezi. Tena siku ya kuchukua ulikatwa fomu, bima na akiba ya lazima, ukaondoka na 870,000. Siku yoyote utakayopewa mkopo uliza maswali mawili tu: nitaondoka na shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha shilingi ngapi jumla, kwa wiki ngapi. Asilimia usiijadili.

Sasa tazama kalenda. Cha Jumatatu kikiisha baada ya wiki 6, marejesho yanashuka kutoka 113,000 hadi 63,000, karibu sawa na uwezo wako wa 60,000. Wiki ya 9 cha Ijumaa kinaisha, unabaki na 35,000 tu, na 25,000 kila wiki inaanza kurudi kwenye mtaji. Kwa hiyo shida yako yote iko ndani ya wiki hizi 6, na ukubwa wake ni 53,000 mara 6, yaani 318,000. Mzunguko mpya ungeifuta nafuu hiyo na kukurudisha wiki ya kwanza ukiwa na deni kubwa zaidi.

318,000 hizo tuzigawe. Nenda kwenye kikundi cha Jumatano, chenye wiki nyingi, kabla hujakosa rejesho lolote. Omba wiki hizi 6 ulipe 17,000 badala ya 35,000, na tofauti isogezwe mwishoni. Hiyo ni 108,000. Mwenye rekodi safi anasikilizwa. Aliyekwisha kukosa mara mbili anatazamwa kama mtoro, na wanakikundi ambao wangelazimika kumlipia wanakuwa wakali kwa haki yao. Zungumza kwanza na mwenyekiti wa kikundi, ndipo muende pamoja kwa afisa. La pili, unawadai wateja 180,000. Mama ntilie na wenye magenge wanaochukua mboga kwa mkopo, wapitie wiki hii, na anayeshindwa alipe 5,000 kila siku anapochukua mzigo mpya. Tuseme unapata 120,000. Zinabaki 90,000, yaani 15,000 kwa wiki kutoka mtaji. Inauma, lakini mtaji unapungua kwa 15,000 badala ya 53,000, na una tarehe ya kukoma.

Kwa wiki hizo usiuze kwa mkopo, na nunua mzigo mdogo wa vitu vinavyoisha siku hiyohiyo: mchicha, nyanya, vitunguu. Maembe na maparachichi yanayolala yanakula mtaji mara mbili.

Ukishapita wiki ya 9, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na haina riba. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na huchukua muda. Iwe ya kuongeza mtaji. Usiingie humo ukiwa bado unaziba marejesho, maana itamezwa ndani ya wiki tatu na kikundi chenu kitabaki na deni la serikali.

Swali: Programu ya mkopo inawapigia watu wangu

Naendesha bodaboda Mwanza, ya mkataba. Nilikopa laki moja kwenye programu ya simu, ikaingia 70,000, baada ya siku saba wakataka laki kamili. Nilipochelewa walimpigia mama yangu, mwenye pikipiki na hata mteja wangu, wakisema mimi ni tapeli. Wananiambia nilipe 30,000 waniongezee wiki moja.

Jibu: Kijana wetu, usilipe hiyo 30,000 ya kuongeza muda. Haipunguzi deni hata senti. Wiki ijayo watataka laki ileile. Umepokea 70,000 na wanataka 30,000 juu yake kwa siku saba, yaani karibu asilimia 43 kwa wiki.

Kwanza angalia kama programu hiyo ina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Jina la programu peke yake halitoshi, kwa sababu hubadilishwa. Tafuta jina la kampuni lililo kwenye mkataba ndani ya programu, ulilinganishe na orodha ya wenye leseni.

Kisha piga picha ya kila kitu kwenye kioo cha simu: kiasi kilichoingia, kiasi kinachodaiwa, ujumbe wa vitisho, namba zilizopiga na saa. Waombe mama, mwenye pikipiki na mteja wakutumie ujumbe walioupata. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya simu, iondolee programu ruhusa ya kusoma majina, ujumbe na picha, ndipo uifute. Walichokwisha kukichukua hakirudi, lakini hawatapata kipya. Kusambaza deni lako kwa watu wasiohusika ni jambo la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakikutishia kukudhuru au kusambaza picha, nenda polisi na ushahidi huo.

Deni lenyewe lilipe kwa vipande. Ukiweka 5,000 kila siku baada ya kutoa hesabu ya mwenye pikipiki, siku 14 zinatosha kurudisha 70,000 uliyopokea. Waandikie kwamba utalipa kiasi hicho pamoja na riba ya halali kwa tarehe fulani, na ulipe kwa namba iliyo ndani ya programu au mkataba pekee. Wapigaji simu wana tabia ya kutaja namba za watu binafsi. Fedha ikienda huko hesabu yako haitapungua. Na mwenye pikipiki mfuate mwenyewe umweleze, kabla hajapigiwa mara ya pili.

Swali: Hati ya nyumba haipo kabatini

Mimi ni mke wa fundi, tunaishi Tanga. Nimegundua hati ya nyumba yetu haipo. Mume wangu amekiri ameiweka dhamana kwa mkopo wa biashara ambayo imekufa. Anasema tusubiri, Mungu atafungua njia. Nifanyeje?

Jibu: Dada, pole sana. Wiki hii usipoteze nguvu kugombana juu ya kilichopita. Kuna karatasi za kutafuta.

Nendeni wote wawili kwa mkopeshaji muombe, kwa maandishi, salio la deni lililogawanywa: deni la msingi, riba, faini. Ombeni na nakala ya mkataba na hati ya rehani. Tazama kama kuna sahihi ya ridhaa yako. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kama hukusaini, au kuna sahihi ambayo si yako, usisaini karatasi yoyote sasa, hata wakikuambia ni ya "kupanga upya marejesho", maana inaweza kuwa ndiyo ridhaa iliyokosekana. Muone kwanza mwanasheria au mtoa msaada wa kisheria; TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, huwasaidia wenye mashauri kama yako. Mwenzi anaweza pia kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba isihamishwe bila yeye kujua.

Kama ulisaini, ridhaa yako inahesabika, na kazi inakuwa ya kujadiliana. Kabla ya kuuza nyumba iliyowekwa rehani mkopeshaji anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 60. Kama notisi haijafika, mna muda mzuri zaidi kuliko mnavyodhani, na kusubiri ndiko kunakoupoteza. Pelekeni pendekezo lenye tarakimu: fundi anaingiza kiasi gani kwa mwezi wa kawaida na kwa mwezi mbaya, na rejesho lipangwe kwa mwezi mbaya. Ombeni faini zisimamishwe tangu siku ya makubaliano. Vifaa vya ile biashara iliyokufa, kama mashine, friji au kaunta, viuzwe sasa na fedha ipelekwe kwenye deni la msingi, na stakabadhi iandikwe hivyo.

Hesabu ikionyesha kwamba hata rejesho dogo halibebeki, uzeni wenyewe kabla ya dalali: kipande cha kiwanja kama kinagawanyika, au nyumba yote, kwa makubaliano ya maandishi na mkopeshaji kwamba mnunuzi atalipa deni kwanza na chenji ije kwenu. Mnunuzi anayekuja kwa hiari hupewa wiki za kupanga fedha na kukagua nyumba, naye hutoa bei ya mtaa. Mnadani anatakiwa kulipa haraka, anahofia kesi, na bei anayotaja inaweza isitoshe hata kumaliza deni, mkabaki mnadaiwa na nyumba hamna.